Maswali ya Wasomaji: Je, Altrasaundi Inapunguza Kweli Mnato wa Mafuta Mazito?

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: kutumia altrasaundi, yaani mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, ili kupunguza mnato (ukinzani wa mafuta dhidi ya kutiririka) na mafuta mazito yatiririke kwa urahisi. Zimetoka kwa wanafunzi, mafundi wa mitambo na watu wanaofuatilia habari za bomba la Hoima hadi Tanga. Viwango vyote vya joto katika majibu ni vya Selsiasi.

Swali: Nimesoma kuwa altrasaundi hupunguza mnato wa mafuta ghafi kwa kuvunja molekuli kubwa. Mwalimu wangu anasema hakuna cha ajabu, ni joto tu linalotokana na mashine. Nimwamini nani?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam*

Jibu: Mwalimu wako ameanzia mahali sahihi, ila hajamaliza. Joto ndilo la kushukiwa kwanza, na mtu asiyeliondoa katika hesabu atajidanganya kila mara.

Tuanze na mafuta yenyewe. Mengi huwa mazito kwa sababu ya asfaltini, yaani molekuli pana zenye pete nyingi za kaboni, ambazo haziyeyuki katika kiyeyusho cha heptani lakini huyeyuka katika kile cha tolyuini. Molekuli moja ina upana wa nanomita 1.5 hivi. Chache zikishikamana hufanya kifurushi cha nanomita 2, vifurushi vikikusanyika hufika nanomita 5, na kutoka hapo huzaliwa mabonge makubwa zaidi. Mabonge hayo hunasa mafuta mepesi ndani yake, husuguana, na mtiririko wote hukwama. Resini, molekuli nyingine za mafuta zilizo ndogo kuliko asfaltini, huyazunguka na kuyazuia yasizame chini. Hali hiyo ni tofauti na ya mafuta yenye nta, ambayo huganda kwa sababu nta imejenga fuwele. Tofauti hii itarudi kwenye swali la bomba.

Sasa sauti. Mashine nyingi za kazi hii hutetema kwa kilohezi 20, yaani mara 20,000 kwa sekunde. Kila mtetemo hukandamiza mafuta kisha huyavuta. Mvuto ukiwa mkali, vijipovu huzaliwa, hukua kwa mizunguko kadhaa, kisha huporomoka ghafla. Mafundi wa pampu wanalijua jambo hili kwa jina la kavitesheni, kwa kuwa ndilo linalokula mapanga ya pampu. Ndani ya kipovu kinachoporomoka joto hufika maelfu ya nyuzi na shinikizo mamia ya angahewa, lakini ni kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na katika nafasi ndogo kuliko punje ya mchanga. Mafuta yanayokizunguka hupigwa na mawimbi ya mshtuko na kuvutwa huku na huku, na mabonge ya asfaltini husambaratika.

Kinachovunjika, basi, ni mabonge zaidi ya molekuli. Molekuli chache hukatika kweli, lakini vipande vyake huwa na njaa ya kushikana upya, na vikikosa haidrojeni ya kuvituliza hurudiana au hushika jirani. Anayekuuzia mashine kwa ahadi kwamba sauti peke yake itageuza mafuta mazito kuwa petroli, usimpe pesa yako.

Tazama sasa hesabu ya mwalimu wako. Chukua mililita 200 za mafuta mazito, gramu 190 hivi. Kila gramu huhitaji takriban jouli 2 ili ipande nyuzi moja. Fimbo ya mashine, ile inayozamishwa ndani ya mafuta, ikiingiza wati 60 za sauti kwa dakika 5, umeingiza jouli 18,000. Gawanya kwa 380: ni nyuzi 47. Mafuta yaliyokuwa na nyuzi 25 sasa yana zaidi ya 70. Mafuta mengi mazito hupoteza nusu ya mnato, au zaidi, kwa kila nyuzi 10 unazoongeza karibu na joto la chumba. Ukipima pale pale utaona mnato umeporomoka kwa asilimia 90 na kitu, na karibu yote hiyo ni kazi ya joto. Kazi ya sauti ni ile inayobaki mafuta yakisharudishwa nyuzi 25. Hicho ndicho kipimo cha haki, nacho mara nyingi ni kidogo kuliko matangazo ya wauzaji.

Swali: Naomba utaratibu wa jaribio la maabara, na vipimo vyake, ili matokeo yangu yasikataliwe na wasimamizi.
*Msomaji wa Kampala*

Jibu: Vifaa ni hivi: mtambo wa kilohezi 20 wenye kitetemeshi na fimbo ya titani yenye ncha ya milimita 13, bika la mililita 250 lenye ukuta wa pande mbili unaopitisha maji, mashine ya kuzungusha maji ya joto unalotaka, kipimajoto cha waya, mizani inayosoma gramu 0.01, na kipima mnato cha kuzungusha. Chagua fimbo nzima isiyo na ncha ya kufungua. Ncha za kufungua hupitisha viyeyusho kwenye hesi zake, na muungano ukilowana nguvu hupotelea hapo na ncha hulegea.

Pasha chupa ya sampuli ikiwa imefungwa, nyuzi 60 kwa saa moja, kisha itikise vizuri ili kilichotulia chini kirudi juu. Usiposawazisha hivi, kila bika litakuwa na mafuta yake. Pima maji yaliyomo. Yakizidi asilimia 0.5, yatoe kwanza, kwa sababu sauti kali husaga matone ya maji na kuyatawanya ndani ya mafuta. Mchanganyiko huo wa maji ndani ya mafuta huwa mzito kuliko mafuta matupu, nawe utadhani altrasaundi imeshindwa.

Pima mnato wa mwanzo kwenye joto tatu, kwa mfano 25, 40 na 50, ukitumia spindo (kijiti kinachozunguka cha kipima mnato) ileile na mizunguko ileile kwa dakika. Hakikisha kipimo kinasoma kati ya asilimia 10 na 100 ya uwezo wa spindo. Chini ya hapo namba haina maana. Pima uzito wa bika na mafuta yake.

Weka maji ya ukutani yashikilie mafuta kwenye nyuzi 50 hadi 60. Hili lina sababu. Mafuta yakiwa baridi na mazito mno, vipovu havipati nafasi ya kukua na kuporomoka kwa nguvu. Sisi tunashauri mnato uwe chini ya sentipoizi 500 (sentipoizi ni kizio cha mnato) kabla ya kuwasha. Yakiwa moto mno, vipovu hujaa mvuke, na mvuke huo hufanya kazi ya godoro: kipovu kinaporomoka polepole bila pigo. Joto la katikati ndilo lenye faida.

Zamisha fimbo sentimita 2 hadi 3, katikati, bila kugusa kioo. Anza na nusu ya amplitudi, yaani ukubwa wa mtetemo. Washa sekunde 5, zima sekunde 5, ili ukuta wa maji upate muda wa kuondoa joto. Jaribu dakika 1, 2, 5, 10, 15 na 20 za sauti halisi, na kila muda uwe na sampuli yake mpya. Wengi hutumia sampuli moja na kuchota kidogo kidogo. Ujazo unapungua, nguvu kwa kila mililita inapanda, na mchoro wao hauwezi kulinganishwa na wa mtu mwingine.

Kisha sampuli ya kulinganisha, ambayo ndiyo roho ya jaribio. Iwe na ujazo uleule, bika lilelile, joto lilelile kwa muda uleule, ikorogwe kwa mkorogo wa kawaida, fimbo ikiwa ndani lakini imezimwa. Tofauti kati yake na sampuli iliyopigwa sauti ndiyo unayoruhusiwa kuiita kazi ya altrasaundi.

Baada ya kuzima, pima uzito tena. Ukipungua kwa zaidi ya asilimia 1, sehemu nyepesi za mafuta zimeruka na sampuli haifai. Iache itulie imefungwa hadi vipovu vya hewa vitoke, kwa maana katika mafuta mazito vipovu hukaa muda mrefu na huharibu kipimo. Pima mnato kwenye 25, 40 na 50 baada ya saa 1, baada ya saa 24 na baada ya siku 7. Rudia jaribio zima mara tatu.

Usiripoti wati zilizoandikwa kwenye mashine. Hizo ni za umeme unaoingia. Nguvu inayofika ndani ya mafuta unaipata kwa joto: zima maji ya ukutani, washa sauti bila kukatiza, andika joto kila sekunde 10 kwa dakika moja. Gramu 190 zikipanda nyuzi 9.5 kwa dakika, ni wati 60, sawa na wati 300 kwa lita. Namba hiyo ya wati kwa lita, pamoja na muda, ndiyo itakayomwezesha mtu wa Eldoret kurudia kazi yako ya Kampala.

Na usalama, ndugu yangu, usiufanye wa mwisho. Mafuta ghafi yana sehemu nyepesi zinazoshika moto hata kwenye joto la chumba. Fanya kazi ndani ya kabati la kunyonya hewa, bika likiwa na kifuniko chenye tundu la fimbo, na upitishe naitrojeni taratibu juu ya mafuta. Mafuta yenye salfa nyingi yanaweza kutoa haidrojeni salfaidi yakipashwa moto. Gesi hiyo inanuka yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikifika sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuisikia, hivyo usitegemee pua. Vaa kipima gesi kifuani. Vaa vizuia sauti masikioni pia. Kilohezi 20 husikii, lakini vipovu hutoa mlio wa kilohezi 10 unaoumiza.

Swali: Mnato wangu ulishuka hadi dakika ya 5, halafu ukaanza kupanda. Dakika ya 20 ulikuwa juu kuliko mwanzo. Mashine imeharibika?
*Mwanafunzi, Eldoret*

Jibu: Huenda ni nzima kabisa. Watafiti wengi wameona kwamba kuna muda unaofaa, na ukiupita unarudi nyuma. Dakika za mwanzo mabonge ya asfaltini yanavunjika. Ukiendelea, vipande vidogo vinakuwa vingi, vinagongana mara nyingi, na vile vilivyovuliwa resini hushikana upya kwa nguvu zaidi. Wakati huohuo sehemu nyepesi zinavukizwa, na maji kama yapo yanasagwa.

Utajua ni ipi kwa mizani. Uzito ukiwa umepungua, ni kuvukizwa: funika vizuri na ushushe joto. Uzito ukiwa uleule na maji yapo, tazama tone kwenye hadubini. Utaona vitone vya maji kama vumbi. Ikiwa si uzito wala maji, ni asfaltini zinazokusanyika, na dawa yake ni kusimama mapema.

Muda huo unaofaa haunakiliwi kutoka kwa mtu mwingine. Hutegemea mafuta, joto, ujazo na nguvu. Ukiona andiko linataja "dakika 5" bila kutaja wati kwa lita, halijakuambia kitu.

Swali: Je, nikiongeza kiyeyusho kidogo sauti itafanya kazi zaidi? Nilijaribu petroli, tope jeusi likazama chini ya chupa.
*Msomaji wa Kampala*

Jibu: Ndiyo, na hapa ndipo altrasaundi inapoonyesha thamani yake. Tatizo lako ni aina ya kiyeyusho. Petroli na kondenseti za gesi zina parafini nyingi nyepesi (molekuli zisizo na pete, kama heptani), na parafini ndizo zinazofukuza asfaltini kutoka kwenye myeyuko. Tope uliloliona ni asfaltini zenyewe. Kwa mafuta ya namna hiyo tumia kiyeyusho chenye pete, kama tolyuini au zailini. Anza na asilimia 2 kwa uzito, usipite 5. Kimimine polepole kwenye mafuta yenye nyuzi 50 huku ukikoroga, kisha piga sauti dakika 1 au 2 tu. Sauti husukuma kiyeyusho kiingie ndani ya mabonge yanapofunguka, na resini na kiyeyusho huyazuia yasijifunge tena. Ndiyo maana mnato hukaa chini kwa muda mrefu kuliko kwa sauti pekee. Kumbuka kuwa tolyuini hushika moto kwenye nyuzi 4 hivi, kwa hiyo chombo wazi ni marufuku. Na weka sampuli mbili za kulinganisha: moja ya kiyeyusho bila sauti, nyingine ya sauti bila kiyeyusho. Bila hizo utaipa sauti sifa ya tolyuini.

Huko Kanada lami ya Alberta, yaani mafuta ghafi mazito mno, husafirishwa kwa bomba baada ya kuchanganywa na kimiminika chepesi, kwa kawaida karibu asilimia 30 ya ujazo, ili mnato usizidi sentistoki 350 (kizio kingine cha mnato) kwenye joto la bomba. Gharama ya kimiminika hicho ndiyo inayowafanya watu waendelee kutafuta njia kama hii. Hata kukipunguza kutoka 30 hadi 27 kungekuwa pesa nyingi.

Swali: Bomba la Hoima hadi Chongoleani, hapa Tanga, litapashwa joto kwa umeme njia nzima. Kwa nini wasitumie altrasaundi badala yake? Si ingekuwa nafuu?
*Mkazi wa Tanga*

Jibu: Swali zuri, na jibu lake ni la namba.

Bomba lina kilomita 1,443, kipenyo cha inchi 24, na limebuniwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida, ndiyo maana yanatakiwa kubaki juu ya nyuzi 50 hadi pwani. Mafuta ya Turkana yana tabia hiyohiyo. Ndiyo sababu shehena ya majaribio iliyouzwa nje kupitia Mombasa Agosti 2019 ililetwa kwa malori yenye matangi ya kuhifadhi joto.

Kumbuka tofauti ya asfaltini na nta. Fuwele za nta zikishayeyuka kwa joto, hazipo. Hakuna cha kuvunja kwa sauti. Joto likishuka, zinajengwa upya. Altrasaundi inaweza kuzivunja zikiwa zimeganda, na mafuta yakatiririka kwa muda. Inaweza pia, ikitumika wakati mafuta yanapoa, kufanya fuwele ziwe nyingi na ndogo badala ya mtandao mkubwa unaofunga bomba. Lakini bombani mafuta husafiri siku nyingi. Kilichovunjwa Hoima kitakuwa kimejijenga upya kabla ya kufika mbali, na ungelazimika kukivunja tena na tena njiani.

Sasa nishati. Chukua kipimo cha maabara, wati 300 kwa lita kwa dakika 5. Ni watisaa 25 kwa lita. Pipa lina lita 159, hivyo kila pipa linahitaji karibu kilowatisaa 4. Kwa mapipa 216,000 kwa siku, ni megawati 36 za sauti, mchana na usiku, kwa kupita mara moja tu, bila kuhesabu umeme unaopotea kwenye mitambo. Mitambo mikubwa ya aina hii inayouzwa viwandani ni ya kilowati 16 hivi kila mmoja. Ungehitaji zaidi ya 2,200. Na nishati yote hiyo mwishowe inageuka joto, kiasi cha kuyapandisha mafuta nyuzi 47. Ukishalipia joto, ni afadhali ulinunue kwa waya wa kupasha na kulifunga ndani kwa povu la kuzuia upotevu, kama wasanifu walivyofanya.

Mahali ambapo sauti ingeweza kusaidia kwenye mfumo kama huu ni padogo na pa muda mfupi: bomba la kutoa sampuli, kuta za vifaa vinavyojijengea nta, au tangi dogo lililoganda wakati umeme umekatika. Huko ujazo ni mdogo na kipindi cha faida kinatosha.

Swali: Tunaendesha jenereta za mafuta mazito ya sentistoki 380. Muuzaji ametuletea kifaa cha altrasaundi cha kufunga kabla ya pyurifaya, akisema tutapunguza moto wa hita na tope. Tukinunue?
*Fundi mitambo, Mombasa*

Jibu: Msikifunge mahali hapo. Tunasema hivi kwa msisitizo kwa sababu kosa hili linaweza kuua pampu za nozeli.

Pyurifaya hutenga maji na uchafu kwa tofauti ya uzito, mafuta yakiwa karibu nyuzi 98. Kasi ya tone kutengana hutegemea mraba wa kipenyo chake: ukilipunguza tone liwe nusu, kasi yake inabaki robo. Altrasaundi kali kabla ya pyurifaya husaga maji na kufungua mafungu ya chembe za alumini na silikoni zinazobaki kutoka kwenye vichocheo vya kiwanda cha kusafishia mafuta. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mafuta ya daraja hilo yafike kwenu yakiwa na hadi miligramu 60 za chembe hizo kwa kilo, na kazi ya pyurifaya ni kuzishusha hadi 15 au chini ya hapo kabla ya injini. Ukizitawanya kabla, zitapita, na ni ngumu kama msasa. Kinachofurahisha macho ni kwamba tope la pyurifaya litapungua. Mtaona limepungua na kusifu kifaa, wakati tope hilo limehamia kwenye silinda.

Kama kifaa kipo tayari, mahali pake ni baada ya pyurifaya, kwenye mzunguko kati ya tangi la siku na injini. Huko kinaweza kusambaza mabonge ya asfaltini yanayoziba filta na kusaidia mafuta kuungua vizuri zaidi. Fuatilieni tofauti ya shinikizo kwenye filta kwa wiki kadhaa kabla na baada, mafuta yakiwa ya shehena ileile.

Kuhusu hita, tuseme kifaa kimeshusha mafuta kutoka sentistoki 380 hadi 300 kwenye nyuzi 50, na punguzo hilo limedumu. Ili kufika sentistoki 13 kwenye nozeli, mafuta ya 380 yanahitaji nyuzi 134 hivi, na ya 300 yanahitaji 130. Mmeokoa nyuzi 4 au 5. Hita zenu zikitumia mvuke unaotokana na moshi wa injini, hamjaokoa karibu chochote.

Tope kwenye tangi mara nyingi lina chanzo kingine kabisa: kuchanganya shehena mbili zisizopatana. Hili limekuwa jambo la kawaida zaidi tangu Januari 1, 2020, kikomo cha salfa kwenye mafuta ya meli kiliposhushwa hadi asilimia 0.50 na mafuta ya michanganyiko mipya yakaingia sokoni. Kabla ya kupokea mafuta, fanyeni jaribio la doa. Changanya mafuta mapya na yaliyopo, pasha hadi nyuzi 95, dondosha tone moja kwenye karatasi maalumu ya kuchuja, kausha kwenye oveni nyuzi 100 kwa saa moja. Doa likiwa la rangi moja, namba 1 au 2 kwenye kipimo cha 1 hadi 5, sawa. Likiwa na pete nyeusi katikati, namba 3 kwenda juu, msiyachanganye. Karatasi hiyo itawaepusha na tope ambalo hakuna kifaa cha sauti kitakachoweza kulimaliza.

Swali: Wakubwa, shikamooni. Nina beseni la altrasaundi la kusafishia nozeli. Naweza kulijaza oili chafu ili iwe nyepesi ya kuchomea kwenye tanuru?
*Fundi wa nozeli, Mwanza*

Jibu: Marahaba. Hapana. Beseni hizo nyingi ni za kilohezi 40, na nguvu yake kwa kila sentimita ya mraba ni ndogo sana kuliko ya fimbo. Utaipasha oili joto, basi. Halafu si vifaa vya kuzuia cheche: oili ya injini huwa imechanganyika na petroli iliyovuja kwenye pistoni, na mvuke wake ukiingia kwenye umeme wa chini unawaka. Kwa sababu hiyohiyo usisafishie nozeli kwa petroli ndani yake; tumia maji na sabuni yake. Oili ya kuchoma iache itulie siku kadhaa kwenye pipa lililosimama, ikiwa na nyuzi 60 hadi 70 kama unaweza. Chota ya juu, acha maji na uchafu wa chini, kisha ichuje. Joto la kabla ya kichomeo litafanya kazi yote uliyotaka sauti ifanye.

Swali: Assalaam aleikum. Hapa Oman visima vya mafuta mazito kama Mukhaizna vinatumia mvuke. Je, kushusha altrasaundi kisimani kungefaa zaidi?
*Msomaji wa Muscat*

Jibu: Waaleikum salaam. Vifaa vya namna hiyo vipo na vimejaribiwa kwenye visima halisi, hasa Siberia Magharibi nchini Urusi. Hushushwa kwa kebo hadi kwenye matundu ya kisima na kuwashwa tabaka kwa tabaka. Kazi yake, hata hivyo, ni kusafisha: kuondoa nta, asfaltini na udongo ulioziba mwamba kando ya kisima. Mwamba wenye vinyweleo hula sauti haraka, na nguvu ya maana haiendi mbali na ukuta wa kisima. Mafuta yaliyo mita 50 ndani hayajui kama umewasha kitu. Mvuke, kinyume chake, hupenya, hubeba joto lake, na kuliachia ndani ya mwamba unapogeuka maji. Ndiyo maana huko Amal, uwanja mwingine wa mafuta mazito wa Oman, walifika hadi kujenga vioo vya jua vya kuzalisha mvuke, ambao ulianza kutoka mwaka 2017, badala ya kutafuta njia ya kuuepuka. Kisima kilichokuwa kikitoa vizuri kisha kikafifia kwa kuziba, hicho kinafaa kufikiriwa kwa sauti. Kisima ambacho mafuta yake ni mazito tangu siku ya kwanza, hapana.

Swali: Fimbo yetu ya titani imepata vishimo kwenye ncha na sampuli zina vumbi la kijivu. Tuisage?
*Fundi wa maabara, Nairobi*

Jibu: Vipovu vinaila, hiyo ni kawaida, na vumbi ni titani. Vishimo vikiwa vichanga, ing'arisheni kwa msasa laini wa maji ulioegeshwa kwenye kioo bapa, ncha ikiwa wima. Lakini msikate. Kwa kilohezi 20 fimbo ya titani ina urefu wa sentimita 12 hadi 13, nusu ya wimbi lake, na mashine hutetema vizuri kwa urefu huo tu. Ikishapungua kiasi cha mashine kushindwa kujipatanisha, au ikitoa onyo la nguvu kupita kiasi kabla hata ya kuzamishwa, nunueni nyingine. Mkifunga mpya, futeni nyuso za muungano kwa spiriti, kazeni kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha rudieni kile kipimo cha joto kwa dakika moja. Wati zikiwa chini ya zamani kwa amplitudi ileile, muungano umelegea.